Kabla Sijameza

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo mchana bila hodi. Nilikimbia uani kuanua mapazia ya watu, yale meupe ya nyumba ya wageni, na wakati narudi nikajikwaa kizingitini kama mlevi. Si kwamba sikukiona kizingiti. Nilikiona vizuri tu. Mguu ndio haukuniambia kuwa umefika.

Marehemu mume wangu angekuwepo angecheka kwanza, kisha angenichemshia maji ya kukandia. Sasa nimekaa kitandani na goti limevimba, na hakuna wa kumwambia. Ndiyo maana nimechukua daftari la vipimo vya wateja, nikaligeuza, nikaanza kuandika kutoka nyuma.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimeshona pindo la mapazia mawili, nimefumua moja.

Ijumaa, 7 Machi

Chiriku ameteremka. Huyu ni jirani yangu wa ghorofa ya juu, msusi aliyeacha kazi kwa ajili ya mgongo. Jina la Chiriku alipewa na mume wangu, maana huanza kuongea akiwa bado kwenye ngazi na hanyamazi mpaka arudi kwake. Zamani tulikuwa watu wa salamu tu. Mwaka huu amejiunga na kundi la wauza virutubisho, na tangu ajiunge ananitembelea.

"Mwenzangu, umepauka kama shuka la hospitali. Unakula?"

"Nakula."

"Unalala?"

"Nalala."

"Basi ni mwili umeishiwa. Mwili ukishaishiwa, chakula peke yake hakifui dafu." Akatoa chupa kwenye mkoba, akaiweka juu ya cherehani. "Hivi vidonge vinasafisha damu, vinaimarisha mishipa, vinarudisha kumbukumbu."

"Kumbukumbu ninayo."

"Vitakuongezea!"

Nikamwambia mimi tayari nameza dawa ya sukari asubuhi na jioni, miaka nenda miaka rudi, siwezi kuongeza kitu nisichokijua. Nitaisoma kwanza.

"Utaisoma? Hivyo ni vidonge, dada'ngu, si gazeti."

Nilicheka. Nilishtuka kusikia sauti yangu mwenyewe ikicheka humu ndani. Chupa imebaki.

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu amepiga simu. Yuko nchi ya mbali, anafanya kazi ghalani, na Jumapili ndiyo siku yake ya kunipigia. Nilimweleza habari za chupa.

"Mama, usimeze kitu chochote kabla hujaulizia."

"Nimuulize nani?"

"Angalia mtandaoni. Kila kitu kipo." Kisha nikasikia mtu anamwita, akasema atanipigia tena. Najua "tena" ni Jumapili ijayo.

Jumanne, 11 Machi

Nimeisoma chupa. Kwa mbele imeandikwa Nguvu, Afya, Uhai kwa herufi za kung'aa. Kwa nyuma herufi ni ndogo kama mayai ya chawa, nikalazimika kuipeleka dirishani. Vitamini za kila herufi. Manjano yaliyokolezwa. Chai ya kijani iliyokolezwa. Mizizi ambayo sijawahi kuisikia. Vyote hivyo vimekusanywa chini ya maneno "mchanganyiko maalumu", wala hawakusema kipi ni kiasi gani. Mwisho kabisa, chini ya tarehe, kuna mstari usemao bidhaa hii haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote.

Chiriku anasema inatibu yote. Chupa yenyewe inasema haitibu hata mmoja. Sasa nimsadiki nani?

Ijumaa, 14 Machi

Mtandaoni nako ni soko. Ukurasa wa kwanza uliisifu mno, na chini yake palikuwa na kitufe cha kununulia. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa na picha ya mtu aliyevaa koti la daktari, anatabasamu, naye mwishoni anauza. Nikaja kupata makala ndefu iliyoandikwa na watafiti, haikuuza kitu. Niliisoma mara mbili. Nilichoambulia ni kwamba vidonge vya namna hii huwafaa watu waliopungukiwa na kitu fulani kinachojulikana, na kwamba kwa wengine ushahidi hautoshi. Na mimi nimepungukiwa na nini? Makala haikunijua.

Jumatatu, 17 Machi

Chiriku tena. "Umemaliza kusoma?"

"Nimefika katikati."

"Wewe ungekuwa hakimu, watu wangefia rumande."

Kisha akasahau biashara. Akanisimulia habari za bibi harusi mmoja aliyemsuka enzi zake, bibi harusi huyo akalala kwenye kiti mdomo wazi, kichwa kikawa hakishikiki, wakaja kumchukua na gari akiwa amesukwa upande mmoja. Alisimama kunionyesha jinsi bibi harusi alivyotembea na shingo imepinda ili watu waone upande uliokwisha. Mvua ilikuwa inamwagika kama imefunguliwa bomba, sauti yake yeye ikaipita. Aliondoka jioni. Nyumba ikawa kubwa ghafla.

Alhamisi, 20 Machi

Nimejichoma sindano na sikusikia. Niligundua nilipoona doa jekundu kwenye pazia jeupe.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda kwenye mkutano wao. Chiriku alinibembeleza, na ukweli ni kwamba sikuhitaji kubembelezwa sana.

Ni ukumbi wa ghorofani, juu ya duka la matairi. Mlangoni kila mtu anakumbatiwa. Wanaitana familia. Kiongozi wao ni mwanamume aliyevaa koti la kumbana, sauti nzito, anajua majina ya watu wote, na langu alilijua kabla sijakaa. Mama mmoja aliketi karibu nami akanishika bega, akaliacha pale mkono wake muda wote wa utangulizi. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniwekea mkono begani. Machozi yalinilengalenga, nikajifanya nina vumbi.

Halafu watu wakaanza kushuhudia. Mmoja magoti yamepona, mwingine usingizi umerudi. Akasimama mwanamke mwembamba, akasema yeye ameshaacha vidonge vya presha vya hospitali na sasa anameza vya hapa tu. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Na mimi nikapiga. Ndipo nikaitazama mikono yangu, nikaishusha.

Jumanne, 25 Machi

Nimeipeleka chupa kwenye duka la dawa lililo karibu na kituo cha mafuta. Mfamasia ni mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Aliisoma pande zote, akavua miwani, akaisoma tena.

"Hawajaandika viwango," alisema. "Kwa hiyo siwezi kukuambia ni salama. Ila hii chai iliyokolezwa na haya manjano yaliyokolezwa, kuna watu yameshawaumiza ini. Si wote. Lakini huwezi kujua mapema kama wewe ni mmojawapo. Na wewe una dawa ya sukari, kitu kingine kinaweza kuiingilia. Kwani unaumwa nini hasa?"

"Uchovu. Na miguu kufa ganzi. Sasa hata vidole vya mikono."

"Tangu lini?"

Tangu nyumba ilipokuwa kimya, nilitaka kusema.

"Umempima daktari nini?" Alimaanisha daktari amenipima nini, ulimi ulimteleza, tukacheka wote wawili. "Nenda ukapimwe damu, mama. Ganzi ina sababu zake, na nyingine zinaonekana kwenye kipimo. Usianze kumeza vya kubahatisha."

Ijumaa, 28 Machi

Chiriku alikuja. "Umeamua?"

"Bado nasoma."

Nimesema uongo. Jibu ninalo tangu Jumanne. Ila nikimwambia sitaki, atakuwa na sababu gani ya kuteremka? Nimeyaandika haya nikayatazama. Mwanamke mzima, mwenye mjukuu, nimeikumbatia chupa nisiyoitaka ili mtu aendelee kubisha hodi.

Jumapili, 30 Machi

Mwanangu amepiga. Kwao kuna baridi. Hatukufika mbali.

Jumatano, 2 Aprili

Leo imeharibika.

Chiriku alifika mapema kuliko kawaida, nikamkaribisha chai. Kabla ya kunywa akatoa kimfuko kwenye kanga, akamimina vidonge kiganjani: vya njano, vya kijani, vikubwa kama maharage. Akavitupia mdomoni vyote.

"Unameza vyote hivyo?"

"Kiongozi ametuongezea dozi. Muuzaji lazima awe ushuhuda unaotembea."

Kimya kingekuwa rahisi zaidi. Lakini niliona koo lake likipanda na kushuka, likihangaika kuvipitisha, nikashindwa. Nikamwambia yote: viwango visivyoandikwa, ini, mfamasia. Nikamwambia mimi sitavimeza, na yeye naomba aache, au angalau akapimwe.

Alinyamaza. Sijawahi kumwona amenyamaza.

"Kwa hiyo mwezi mzima umekaa na chupa yangu unanichunguza kama mwizi?"

"Si wewe. Nimeichunguza chupa."

"Umeipeleka kwa watu wa duka la dawa, ambao wana vyao vya kuuza! Ungeniuliza mimi."

"Wewe ungenijibu nini?"

"Ningekujibu kwamba tangu nianze hivi, nina watu. Nina pa kwenda Jumamosi. Binti yangu hanipigii mpaka nimkumbushe. Wale wananipigia wenyewe."

Nilitaka kumwambia hata mimi naujua upweke huo. Nikachelewa. Aliichukua chupa juu ya cherehani, akasimama mlangoni.

"Kumbe siku zote hizi nilikuwa napoteza muda wangu."

Akapanda ngazi bila neno. Chai yake niliimwaga.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Hakuteremka.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Namsikia akitembea juu. Dirishani, kitandani, dirishani.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemchukia leo. "Kupoteza muda." Basi yule bibi harusi, kicheko, vyote vilikuwa chambo. Nilikuwa mteja aliyekawia. Nimeshona kwa hasira na pazia limenyooka kuliko yote ya msimu huu.

Alhamisi, 10 Aprili

Hasira imeisha. Ningependa ibaki, ilikuwa inanishughulisha.

Jumapili, 13 Aprili

Mwanangu hakupiga. Labda mtandao, maana mvua imeangusha nguzo mtaa wa pili. Juu kumekuwa kimya. Nimejiambia amesafiri.

Jumanne, 15 Aprili

Nimerudi kutoka hospitalini magharibi.

Asubuhi nilikuwa nasikiliza dari, na ndipo nikagundua kuwa hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi. Redio yake haikulia. Maji hayakutiririka kwenye bomba. Nikajiuliza, kama amesafiri, mbona sikulisikia begi likiburuzwa kwenye ngazi? Nikavaa kandambili, nikapanda. Ngazi ni za nje, zimelowa, na miguu hii ninaiweka kwa macho, siiweki kwa kuhisi. Nilishika ukuta njia nzima. Nilikuwa sijawahi kufika kwake. Siku zote yeye ndiye aliyeteremka.

Mlango haukuwa umefungwa kwa komeo. Alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kitanda, anajikuna mikono. Alipoinua uso, nikaona macho. Yalikuwa ya njano, njano ya kiini cha yai.

"Usianze," alisema.

"Sijasema kitu."

"Ni mwili unajisafisha. Kiongozi kasema sumu lazima itoke kwanza. Niongeze maji na dozi."

"Umekula lini?"

"Chakula hakikai." Kisha, kwa sauti ambayo si ya Chiriku kabisa: "Naogopa, mwenzangu. Nilikuwa nakusikia chini, nikasema nipige sakafu kwa mwiko. Nikaona haya."

Nilimpigia dereva wa teksi anayenibebea mapazia. Wakati tunamsubiri nilichukua kapu la nguo, nikakusanya kila chupa niliyoiona: kabatini, chini ya kitanda, juu ya friji. Alinitazama bila kunizuia. Dereva alimshika upande mmoja, mimi upande wa pili, tukamteremsha kama tunavyoteremsha kabati la kioo.

Hospitalini daktari, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alimuuliza anatumia dawa gani.

"Situmii dawa," Chiriku akajibu. Na kwa akili yake alikuwa anasema kweli. Wao huziita lishe.

Nikaliweka kapu mezani. Daktari akatoa chupa moja moja, akisoma. Alipofika kwenye ya chai iliyokolezwa akamwita mwenzake.

"Afadhali umezileta," aliniambia. "Tungehangaika kutafuta sababu huku na huko. Anaacha vyote kuanzia sasa, na tunamlaza."

Wakamchukua. Nikabaki kwenye korido, nimeshikilia kapu tupu. Daktari alikuwa anaondoka, akasimama, akatazama chini.

"Mama, kandambili yako nyingine iko wapi?"

Nikatazama. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu, una tope mpaka kwenye kifundo, na kidole gumba kimepasuka kinatoa damu. Ilinivukia wapi, ngazini, kwenye gari, getini? Nilikuwa nimetembea hivyo njia yote na sikujua.

"Hukuhisi?" akauliza.

"Sikuhisi."

Akanivutia kiti. Alinifunga kidonda mwenyewe, akiniuliza maswali taratibu. Nilipomtajia dawa ya sukari na muda nilioitumia, akatikisa kichwa, akaandika kipimo cha damu. Nilijibu maswali yote bila kulia. Nililia baadaye kwenye teksi, na dereva, Mungu ambariki, akaongeza sauti ya redio.

Jumatano, 16 Aprili

Kandambili imepatikana ngazini. Chiriku bado mgonjwa sana. Binti yake anakuja.

Jumamosi, 19 Aprili

Simu ya Chiriku niko nayo mimi. Leo Kiongozi amepiga. Nikasema afadhali, familia imemkumbuka. Alisikitika kidogo, akasema mwili wa kila mtu hupokea tofauti, kisha akauliza bidhaa zilizobaki ziko wapi, maana zina wa kuzichukua.

"Ziko kwa daktari," nikamjibu. "Wodi namba nane. Njoo uzifuate, umwone na mgonjwa."

Hakuja. Hakuja hata yule mama wa mkono begani. Namtetea kidogo, labda hakuambiwa.

Jumanne, 22 Aprili

Majibu yangu yametoka. Nimepungukiwa na vitamini B12. Daktari anasema dawa ya sukari ikitumika muda mrefu huweza kuipunguza mwilini, na ikipungua sana mishipa ya fahamu huanza kuumia, ndiyo ganzi na uchovu. Sukari yenyewe nayo ina mkono wake. Nisiache dawa ya sukari. Nitachomwa sindano za hiyo vitamini kwanza, kisha vidonge, na nitapimwa tena.

"Ganzi itaisha?" nilimuuliza.

"Nyingine inaweza kurudi nyuma, polepole. Nyingine siwezi kukuahidi. Ungekuja mapema ingekuwa bora."

Nilipenda kwamba hakuniahidi. Nilipata dozi ya kwanza papo hapo. Baada ya kusoma kote kule, nimeishia kupokea kirutubisho. Lakini hiki najua jina lake, kiasi chake, na kwa nini kinaingia mwilini mwangu.

Nilikwenda wodini kumweleza Chiriku. Macho yameanza kupauka, njano inatoka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"B12? Si ilikuwa kwenye chupa yangu?"

"Ilikuwemo. Pamoja na kundi zima lililokuleta hapa."

Akacheka, akashika ubavu, akaniomba nisimchekeshe. Tukakaa. Muuguzi alipita na kipimajoto, akaondoka.

"Nilisema nilikuwa napoteza muda," akaanza.

"Yaache."

"Siyaachi. Mwanzoni nilikuja kuuza, sikufichi. Baadaye nikawa nasahau hata kukuuliza. Kule juu nikifika nakumbuka, najigonga kichwa: Chiriku, hukumuuliza tena!"

"Na mimi nilishamaliza kusoma zamani," nikamwambia. "Niliogopa ukijua nimekataa hutakuja."

Alinitazama na yale macho yake ya rangi mbili.

"Wapumbavu wawili," akasema.

Jumatatu, 28 Aprili

Sindano. Mvua nyepesi.

Jumapili, 4 Mei

Mwanangu alisikia yote leo. Akasema, "Mama, mbona hukuniambia miguu?" Nikamwambia, "Hukuwa na nafasi." Ilinitoka tu. Amesema atapiga Jumatano pia.

Jumatano, 7 Mei

Amepiga.

Jumamosi, 17 Mei

Chiriku ametoka hospitali wiki hii, na leo ameondoka. Binti yake anamchukua akaishi naye, mji mwingine, kutwa nzima kwa basi. Ini linapona lakini daktari anataka awe na mtu wa kumwangalia. Binti ni mpole, amechoka, anamwogopa mama yake. Aliniomba samahani mara nyingi, nami sikujua ananiomba ya nini.

Tulifunga mizigo pamoja. Chiriku alikuwa anaongea kutoka chumba hiki hadi kile, juu ya wapangaji, juu ya vyungu, juu ya bei ya mikate huko aendako. Getini akaishiwa maneno. Akanishika uso kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akimshika mteja kumtazama nywele zilivyokaa.

"Nani atakuchekesha?"

"Nitajichekesha."

"Hujui," akasema. "Huna kipaji hicho."

Gari likaondoka. Nimepanda kufagia chumba chake ingawa hakuna aliyeniomba.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua imekatika. Kimya cha juu sasa ni cha kweli.

Jumapili, 25 Mei

Jua siku nzima. Mapazia ya mwisho ya nyumba ya wageni yamekwenda. Leo nilihisi baridi ya sakafu kwenye kisigino cha kulia. Kidogo tu, kama mtu anayeita kutoka mbali. Kushoto bado hakuna kitu, na huenda kusiwe.

Jioni simu iliita, Chiriku. Nikajiandaa kwa mvua ya maneno. Akanisalimu, akaniuliza sindano, nikamuuliza ini. Ameambiwa vipimo vinakwenda vizuri. Kisha tukaishiwa. Hana cha kuuza, nami sina cha kusoma.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nachagua maharage. Wewe?"

"Namsuka mjukuu. Kichwa kigumu huyu, hatulii."

"Basi msuke."

"Namsuka."

Nikaiweka simu mezani karibu na sinia, sauti ikiwa wazi. Nikasikia chanuo, mtoto akilalamika, Chiriku akimwambia kaa sawa. Niliendelea na maharage. Hakuna aliyeuliza kama mwingine bado yupo.